Mpira unapowekwa kati, refa na washika vibendera wasimame wapi?



Mpwa wangu ameanza kushika kibendera. Wamemteua katika kombe la mtaa, mechi za jioni baada ya alasiri, na siku ya kwanza kabla hajaondoka alinijia barazani akauliza: "Mjomba, mpira ukiwekwa kati, mimi nisimame wapi hasa?" Wenzake waliokuwa wameketi wakacheka. Mmoja akamwambia, "Simama popote, mpira si bado haujaanza?"

Mimi sikucheka. Swali lile ndilo nililopaswa kuuliza nilipokuwa na umri wake, na kwa kutouliza nilimponza mtu mwingine. Kisa hicho nitakieleza mbele. Kwanza nijibu swali, kwa sababu naona linawafaa wengi: vijana wanaopewa kibendera dakika 5 kabla ya mechi, wenye kuandaa makombe, na sisi watazamaji tunaojua kupiga kelele kuliko tunavyojua kanuni.

Kanuni yenyewe yasemaje

Kuanza mpira kumeelezwa katika Kanuni ya 8 kati ya kanuni 17 za soka. Mpira huwekwa kati mara hizi: mwanzo wa kila kipindi, mwanzo wa kila kipindi cha muda wa ziada ikiwa upo, na baada ya kila bao.

Kabla ya mechi refa hurusha shilingi. Tangu mwaka 2019, timu inayoshinda kura ina hiari: ichague goli itakaloshambulia kipindi cha kwanza, au ichague kuanza mpira. Zamani mshindi alichagua goli tu na mpinzani ndiye aliyeanza, na wapo wazee wetu hadi leo wanaobisha wakiona nahodha ameshinda kura kisha anaomba mpira. Timu iliyochagua goli ndiyo inayoanza mpira kipindi cha pili, na baada ya bao huanza timu iliyofungwa.

Mpira uwe umetulia kwenye alama ya kati. Wachezaji wote, isipokuwa yule mpigaji, wawe katika nusu yao ya uwanja. Wapinzani wakae umbali usiopungua mita 9.15 kutoka kwenye mpira, na hiyo ndiyo kazi ya lile duara la kati. Halikuchorwa kwa urembo. Refa akishatoa ishara, mpira huhesabiwa umeanza pale unapopigwa na kusogea waziwazi.

Tangu 2016 mpira huu waweza kupigwa upande wowote, hata nyuma. Kabla ya hapo ilikuwa lazima uende mbele, ndiyo maana tulizoea kuona washambuliaji wawili kati, mmoja akiugusa na mwenzake akiurudisha nyuma. Bao la moja kwa moja kutoka kati hukubaliwa likiingia goli la mpinzani. Ukiingia moja kwa moja goli lako mwenyewe, si bao, ni kona kwa wapinzani. Mpigaji akiugusa mara ya pili kabla ya mtu mwingine, ni mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja kwa wapinzani, na akiugusa kwa mkono, ni adhabu ya moja kwa moja. Makosa mengine ya utaratibu, kama vile mpinzani kuingia ndani ya duara mapema, dawa yake ni kurudia.

Kwa hivyo katika sekunde ile moja kuna mambo mengi ya kutazama: nusu mbili za uwanja, duara, mpira na watu 22. Jozi moja ya macho haitoshi, na hapo ndipo swali la nani asimame wapi linapokuja.

Refa wa kati

Kanuni hazimchorei refa alama ya kusimama. Mwongozo kwa waamuzi wasema tu kwamba mahali pazuri ni pale anapoweza kutoa uamuzi sahihi. Lakini yapo mazoea yanayofunzwa, nayo yana sababu.

Refa asisimame juu ya mpira wala ndani ya njia ya mpira. Husimama hatua chache kando ya alama ya kati, kwa kawaida katika nusu ya timu inayoanza, mahali ambapo aona mpira, aona mguu wa mpigaji, na aona wapinzani waliojipanga ukingoni mwa duara. Tangu mpira uruhusiwe kwenda nyuma, kusimama moja kwa moja nyuma ya mpigaji ni kujitafutia mashaka, kwa kuwa pasi ya kwanza mara nyingi huelekea huko huko.

Na mpira ukimgonga refa si mzaha kama zamani. Kwa kanuni za tangu 2019, mpira ukimgusa mwamuzi ukabaki uwanjani, kisha timu ikaanzisha shambulizi lenye matumaini, au mpira ukaingia golini moja kwa moja, au umiliki ukahamia timu nyingine, basi mchezo husimamishwa na mpira huangushwa. Fikiria kulazimika kufanya hivyo sekunde 3 baada ya kuanza, watazamaji wote wakikutazama.

Jambo la pili ni firimbi. Baadhi ya mipira huanzishwa bila firimbi, lakini wa kati si miongoni mwao. Mwanzo wa kila kipindi na baada ya kila bao, firimbi ni lazima. Kabla ya kuipuliza refa atazame pande zote mbili. Mshika kibendera wa kwanza yuko tayari? Wa pili je? Makipa wote wawili wako golini? Waamuzi wazuri hufanya hivi kwa kugeuza shingo tu, wala hakuchukui sekunde 5.

Washika vibendera

Hili ndilo jibu la mpwa wangu. Mpira unapowekwa kati, kila mwamuzi msaidizi asimame pembeni mwa uwanja, nje ya mstari, sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho wa nusu yake. Si kwenye mstari wa kati, si kwenye kona, wala si chini ya mwembe palipo na kivuli.

Mlinzi wa pili kutoka mwisho ni nani? Hesabu kutoka goli. Mara nyingi wa mwisho ni kipa, na wa pili ni beki aliye nyuma kuliko wenzake. Lakini kanuni haikumtaja kipa. Kipa akipanda mbele, basi wahesabiwe wawili wa mwisho, wawe ni nani. Kijana mwenye kibendera asiyejua hesabu hii atakosea hata akiwa na macho ya tai.

Mtu atauliza: mpira ukiwa kati kila mtu yuko nusu yake, na aliye nusu yake hana kosa la kuotea, sasa mshika kibendera ana haraka gani? Jibu ni kwamba hali hiyo hudumu sekunde moja tu. Firimbi ikilia, mshambuliaji avuka mstari wa kati, pasi yapigwa, na uamuzi wa kuotea watakiwa pale pale.

Mfano tulioushuhudia wengi kwenye televisheni ni Kombe la Dunia 2002, mechi ya kutafuta mshindi wa tatu huko Daegu, tarehe 29 Juni. Korea Kusini ndiyo iliyoanza mpira, ikapokonywa, na Hakan Şükür wa Uturuki akafunga katika sekunde ya 11. Uturuki ilishinda 3-2, na bao lile ndilo la mapema zaidi katika historia ya Kombe la Dunia. Mshika kibendera anayedhani ana dakika moja ya kujipanga, azikumbuke sekunde hizo 11.

Mambo mengine matatu kwa msaidizi. Kwanza, akague nyavu za goli lake kabla ya mechi na kabla ya kipindi cha pili, kisha ndipo aende mahali pake. Pili, uso wake uelekee uwanjani wakati wote, hata anapokimbia. Masafa mafupi huenda ubavu ubavu, kama kaa. Tatu, atazamane na refa. Kutazamana ndiyo lugha yao.

Kukiwa na mwamuzi wa nne, wadhifa ulioanzishwa mwaka 1991, yeye hukaa karibu na mabenchi ya timu. Aweza kumsaidia refa kuhesabu wachezaji, hasa baada ya mapumziko wakati timu zinapobadilisha watu.

Kwa nini kila mmoja ana nusu yake

Zamani refa hakuwa ndani ya uwanja. Kila timu ilileta mwamuzi wake, na refa alikaa nje akiulizwa wale wawili wasipoelewana. Mwaka 1891, mwaka ule ule ulioleta penalti, refa aliingizwa uwanjani na wale wawili wakasukumwa mistarini. Jina la waamuzi wasaidizi lilikuja rasmi mwaka 1996.

Mpango tunaouona leo ulienezwa na Mwingereza Stanley Rous katika miaka ya 1930. Yeye alichezesha fainali ya Kombe la FA mwaka 1934, na baadaye akawa rais wa FIFA kuanzia 1961 hadi 1974. Wazo lake ni rahisi: refa akate uwanja kwa mshazari, na kila msaidizi ashike nusu moja ya mstari wake. Katika mpango uliozoeleka, ukilitazama goli linaloshambuliwa, refa huelekea kushoto na mshika kibendera wa nusu ile yuko kulia. Mchezo huwa kati yao, nao huutazama kutoka pande mbili. Asichokiona huyu kwa kuzibwa na mgongo wa mchezaji, mwenzake akiona.

Ndiyo sababu mpango wote huvurugika mmoja akiwa si mahali pake. Hakuna wa kumzibia pengo.

Kisa changu

Nilikuwa na miaka 22. Ilikuwa fainali ya mtaa, zawadi ni mbuzi na jezi. Mshika kibendera aliyepangwa hakuja, nami nilikuwa nimevaa raba, basi nikaitwa. Refa alikuwa mtu mzima, fundi wa rangi, mpole, aliyechezesha mechi zetu miaka mingi kwa malipo ya soda na nauli.

Kipindi cha pili likaingia bao upande wangu. Niliufuata mpira hadi mstari wa goli, kama inavyotakiwa. Lakini bao lilipokubaliwa sikurudi. Nyuma ya goli walikuwapo vijana ninaowajua, wakaniuliza kama mpira ulivuka wote, nami nikageuka kuwajibu. Nilikuwa bado najibu niliposikia firimbi.

Wakati ule mpira ulikuwa lazima uguswe mbele. Ukaguswa, ukarudishwa nyuma, beki akautoa pasi mbovu, ikanaswa. Pasi moja ikapita katikati ya walinzi, na mshambuliaji yule yule aliyefunga la kwanza akabaki na kipa peke yake. Likawa la pili.

Nusu ya uwanja ilipiga kelele, "Ofsaidi!" Refa akanitazama. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kibendera cha kona. Walinzi walikuwa karibu na mstari wa kati. Sikuona chochote. Wallahi hadi leo sijui kama alikuwa ameotea au la.

Nilikuwa na njia mbili: kumwita refa nimwambie kweli, kwamba sikuwa mahali pangu, au kujifanya nimeona. Niliona haya. Nikateremsha kibendera na kukimbilia kati, ishara kwamba ni bao halali. Naye akaniamini.

Uwanja ukavamiwa. Hakuna aliyenigusa mimi, kwa kuwa nilikuwa kijana wa hapo. Yule mzee ndiye aliyepigwa kofi, shati lake likachanwa, akatolewa uwanjani na wazee wawili wakiwa wamemkinga kwa miili yao. Hakuchezesha tena. Mtaa ukapoteza refa, na kwa miaka kadhaa kombe lile halikurudi.

Baadaye nilisomea uamuzi kidogo, nikajua kosa langu lilikuwa na jina. Ilinichukua miaka zaidi ya kumi kumwendea. Ilikuwa siku ya pili ya Idi, nikamkuta kwake ameketi nje. Nikamwambia yote na kumwomba radhi. Akanyamaza kidogo kisha akasema, "Nilijua, kijana wangu. Ulikuwa konani. Lakini kosa la kwanza si lako. Nilipiga firimbi kabla ya kukutazama."

Maneno yale yamenikaa kuliko somo lolote. Kwenye dini yetu twafunzwa kwamba ushahidi ni amana: useme ulichokiona, na usichokiona useme hukukiona. Mshika kibendera ni shahidi, na hawezi kushuhudia akiwa mahali asipoona. Na refa asimwite shahidi kazini kabla hajafika.

Baada ya bao ndipo hatari ilipo

Mwanzo wa mechi kila mtu ametulia, ni rahisi kujipanga. Baada ya bao ndipo mambo huharibika: washangiliaji wameingia, waliofungwa wanataka mpira uanze haraka, na watu wanabishana. Refa asiharakishwe. Ahakikishe wachezaji wote wamerudi nusu zao, kwani mpira hauwezi kuanza wapinzani wakiwa bado wanashangilia upande usio wao. Ahesabu, aandike, atazame kulia, atazame kushoto, kisha apulize.

Hata wakubwa walijua thamani ya kusubiri. Fainali ya Kombe la Dunia 1974 mjini Munich, tarehe 7 Julai, ilichelewa kuanza kwa sababu refa Jack Taylor wa Uingereza aligundua vibendera vya uwanjani havikuwekwa. Dunia nzima ilingoja vijiti. Na ulipoanza, Uholanzi ilipasiana bila Mjerumani kuugusa mpira hadi Johan Cruyff akaangushwa ndani ya boksi. Penalti, dakika ya kwanza tu, katika fainali, dhidi ya wenyeji Ujerumani Magharibi. Refa asiyekuwa tayari angeweza kutoa uamuzi kama ule kwa moyo thabiti?

Mipira mingine kwa ufupi

Kwa mwenye kuanza kazi, ayashike na haya. Kwenye kona, mshika kibendera hukaa nyuma ya kibendera cha kona, kwenye usawa wa mstari wa goli, bila kumbana mpigaji. Kwenye mpira wa goli, kwanza ahakikishe mpira umewekwa ndani ya boksi dogo, kisha arudi kwenye usawa wa kuotea. Kwenye penalti wakati wa mchezo, husimama pale mstari wa boksi kubwa unapokutana na mstari wa goli. Zikiwa ni penalti za kuamua mshindi, mmoja husimama pale boksi dogo linapokutana na mstari wa goli, na mwenzake hukaa katika duara la kati na wachezaji wanaongoja. Kwenye mpira wa adhabu, ni sambamba na mlinzi wa pili kutoka mwisho, kama kawaida.

Kwa wanaoandaa makombe yetu

Najua hali zetu. Mechi nyingi za mtaani zina refa mmoja na vibendera hupewa yeyote aliyepatikana. Ushauri wangu ni mwepesi. Ikiwa walioshika vibendera hawakufunzwa, waambiwe kazi yao ni mpira uliotoka tu, na manahodha wote wawili waambiwe hivyo kabla ya shilingi kurushwa, ili asije mtu kudai kibendera cha kuotea baadaye. Chokaa ichorwe, hasa mstari wa kati na duara, kwa kuwa refa hawezi kulinda mita 9.15 zisizoonekana. Kamba ifungwe kuwatenga watazamaji na mstari wa pembeni, mshika kibendera apate njia ya kupita. Ukienda viwanja vingi utaona amezungukwa na baiskeli, viti na wauza mahamri, kisha twamlaumu kwa kutokuwa mahali pake.

Na sisi watazamaji, tukitaka kumhukumu refa, tutazame kwanza aliposimama. Kama yuko mahali pake, aelekea kuona kuliko sisi. Kama hayuko, semeni hivyo baada ya mechi, kwa ulimi na si kwa mkono.

Mpwa wangu nilimweleza mlinzi wa pili kutoka mwisho, nyavu, na kutazamana na refa. Kisha nikamwongezea moja: "Ikitokea firimbi italia na wewe hujafika, inua kibendera mumngoje mwenzenu, hata uwanja mzima ukucheke. Na ikitokea hukuona, mwite refa umwambie hukuona."

Akaniuliza, "Na wakinizomea, mjomba?"

Nikamwambia wakimzomea atarudi nyumbani amezomewa, na refa wake atarudi nyumbani na shati zima.